Mtani Mbele ya Kamera

Mpwa wangu Salehe, mtoto wa dada yangu,

Assalaam alaikum. Barua hii isome kwa sauti hapo barazani, wote wasikie. Ila kuna mahali nitakuambia simama. Ukifika hapo simama kweli, ikunje uingie nayo ndani, umalizie wewe na mama yako tu.

Mguu wa mama yako vipi? Ule uvimbe umeshuka, au bado anauficha chini ya kanga akisema ni kuchoka? Mwambie ile dawa ya kuchua niliyotuma ni ya mguu wake, siyo ya kugawia jirani. Mkaza mjomba wako naye nimemsikia kwenye simu juzi, sauti imekonda. Akisema anakula vizuri usimwamini, mtazame sahani.

Mimi mzima. Joto la huku limezidi, lakini mimi na joto tunajuana. Wiki iliyopita nilianika shati. Kabla sijabana kibanio cha pili, upande wa kwanza umeshakauka, umepauka, na umeanza kuchanika. Mnepali mmoja hapa alianguka kwa jua nikambeba begani kutoka kwenye uzio hadi kwenye kivuli, mwendo wa kama kutoka kwenu mpaka mnadani, na mkono wa pili nimeshika ndoo ya maji imejaa. Sikumwaga hata tone. Waulize watu.

Sasa umeniuliza habari za kamera za porini. Umesema kampuni ya wageni wa uwindaji inatafuta askari wa kijiji anayejua kuzifunga, ili wageni wakija wawe wameshajua tandala yupi ni mzee na anapita wapi. Umegonga mlango wenyewe. Handeni nzima, na Kilindi uongeze, hakuna anayezijua kamera hizo kama mjomba wako.

Nilivyofika kwenye kazi hii unakumbuka. Nilikuwa nasimama mlangoni kwenye hoteli moja ya Doha, nimevaa koti la vifungo kumi, usiku nalala Industrial Area, kwenye kambi za wafanyakazi, watu wanane chumba kimoja. Siku hiyo tajiri mmoja anasubiri gari lake, anamwonyesha mwenziwe picha ya swala kwenye simu. Nikachungulia. Nikamwambia kwa Kiarabu changu hiki cha kuokota, huyo dume ana miaka saba, na mguu wake wa nyuma wa kushoto uliwahi kuumia. Nilikuwa nakisia tu, lakini yule mtu aligeuka akanitazama kana kwamba nimetaja jina la mama yake. Nikaona mlango umefunguka, nikaingia mzima mzima. Nikamwambia babu yangu alikuwa anampigia mluzi pongo, na pongo anakuja mwenyewe kisu kakiuma mdomoni. Mwezi haukuisha nikahamishiwa shambani kwake. Hiyo ndiyo faida ya mdomo, Salehe. Hasara yake nitakuambia.

Shamba liko bara, ukishaipita Al Wukair, nyumba zinapoanza kuisha. Ni jangwa lililozungushiwa uzio, na ndani swala wao weupe. Maji yao yako kwenye hodhi moja la saruji. Kila majira ya baridi tajiri hualika wageni, wanatafuta dume mzee mwenye pembe kubwa kuliko wote, wanampiga bunduki. Wanasema wanawinda. Kwetu mnyama aliyezungushiwa uzio, anayekunywa maji uliyomtilia mwenyewe, ukimpiga risasi tunasema umemchinja kwa mbali. Lakini mshahara haubishaniwi.

Chumba nalala na Jumanne. Huyu Jumanne ni Mnyamwezi, lakini kazaliwa Korogwe kwenye kambi za mkonge, ndiye dereva wa gari la maji. Siku ya kwanza tu alipojua mimi Mzigua alivua viatu vyake akavaa vyangu, akaenda navyo kazini. Nikajua huku nako Mungu kaniletea mtani. Miaka sita hatujasalimiana kama watu. Yeye akiamka ananiuliza, "Hujafa tu?" Mimi namjibu, "Nikifa nani atakubebesha mzigo, mpagazi wee?" Akinisikia nasimulia watu habari za uwindaji anasema Mzigua akisikia jani limeanguka anasema kaua simba. Samaki wangu anakula, sabuni yangu anaoga, na mimi siwezi kusema neno. Ndiyo utani, mmekua nao.

Na mama yangu, bibi yako, alipofariki mwaka jana nikanyimwa ruhusa ya kuja, ni Jumanne aliyejua la kufanya. Mimi nimekaa sakafuni silii wala sisemi. Akapanda kitandani kwangu, akajifunika shuka gubigubi, akasema yeye ndiye marehemu na hazikwi mpaka aletewe biriani. Masudani wa chumba cha pili walidhani kaingiwa na wazimu. Mimi nilicheka, na katikati ya kicheko ndipo machozi yakatoka. Aliniahidi siku hiyo, likizo yake ya kwanza atapita kwenu Handeni, alikorofishe kaburi la mama kama mtani anavyotakiwa.

Haya, kamera.

Tajiri alinituma dukani na mudir, yule msimamizi wake. Mwenye duka akatoa za aina tatu. Moja ikipiga picha gizani inamulika mwanga mweupe kama radi. Ya pili inawasha vitaa vyekundu hafifu. Ya tatu haionyeshi mwanga wowote, lakini picha zake za giza ni za kijivu. Mudir akaniuliza, wewe mwindaji, ipi? Mimi nikaona picha za ile ya kwanza zina rangi, manyoya ya mnyama unayahesabu. Nikasema hiyo, na nikaongeza kwamba swala wa kwetu wamezoea radi. Tukachukua mbili.

Wewe usichukue hiyo. Chukua ile isiyoonyesha mwanga. Rangi ya nini, kwani unampiga picha ya harusi?

Tazama pia inachelewa kiasi gani kupiga. Zile za kuchelewa nimepata nazo mikia mingi sana, swala mbele kashapita. Ifunge usawa wa kiuno chako, kama ni paa mdogo usawa wa goti, na isitazame jua linapochomoza wala linapozama. Mimi ya kwanza niliielekeza magharibi, kila jioni inapiga picha ya jua peke yake. Halafu ukate kila tawi na jani lililo mbele yake. Nilisahau kitawi kimoja cha msidiri, ule mkunazi wao, upepo ukakitikisa siku mbili, nikafungua nikakuta picha elfu na kitu za kitawi. Nilimwambia mudir nilikuwa naupima upepo. Betri usitie zile za bei ya chini, kwa joto zinavimba kama maiti. Weka saa na tarehe kabla hujaondoka pale, maana picha isiyo na saa haikuambii mnyama anakuja lini, na hiyo ndiyo kazi yenyewe. Usiishike kwa mkono uliotoka kula dagaa. Na usiifunge pale penye maji penyewe, ifunge pembeni ya njia ya kwendea majini, hatua saba au nane, kamera iitazame njia kwa mshazari. Ikiikabili njia moja kwa moja utapata pua. Ikiikata njia katikati utapata mbavu. Kwa mshazari unapata mnyama mzima na pembe zake.

Haya nimeyajua kwa kuyakosea, moja baada ya jingine. Wageni wakikuuliza umesomea wapi, sema kwa mjomba.

Hapa simama. Ikunje, ingia ndani, mwite mama yako.

Dada, na wewe Salehe. Zile kamera za radi zilimkimbiza dume mkubwa. Zilimmulika magharibi moja akiinamia hodhi, akaruka kama kachomwa moto, na tangu hapo hakurudi. Akawa anakunywa huko mwisho wa uzio, bomba linapovuja. Mimi nilijua. Niliziona kwato zake kwenye tope la lile bomba. Lakini tajiri alipouliza, nikamwambia madume makubwa hujificha mwezi mzima kabla ya kupanda majike, kwetu watoto wadogo wanalijua hilo. Akaamini. Akanunua kamera nyingine, ile isiyoonyesha mwanga, na hii ina laini ya simu ndani. Ikipiga tu, picha inakwenda kwenye simu. Simu ya nani? Simu ya tajiri. Mimi mwenyewe nilishika namba yake nikaiingiza.

Chumbani nilimwambiaje Jumanne? Nilimwambia picha zinakuja kwangu. Nilimwambia tajiri kasema, Athumani, dume utakayemchagua wewe ndiye nitakayempiga, mimi sina macho bila wewe. Nilikuwa nimejiegemeza kwenye mto, nimemshikia simu yangu mbele ya uso namwonyesha picha moja ya swala. Ile picha niliipiga kwa mkono.

Jumanne akacheka, akasema, "Basi ipo siku utamwona dume mwenyewe."

Siku ya tatu yake, jua likikaribia kuzama, akaingia kwenye ghala la majani. Mle mna pembe za swala aliyekufa wakati wa joto, zilitupwa tu kwenye kona. Akazifunga kichwani kwa kamba, akavaa kofia yangu juu yake, akaenda hodhini akapiga magoti, akanywa maji kama mnyama. Kisha akageuka akaitazama kamera, katoa ulimi. Mimi sikuwepo, nilikuwa natengeneza uzio. Mudir ndiye aliyenionyesha kesho yake. Picha tisa, na zote nzuri. Ile kamera niliifunga vizuri kweli, mshazari hatua nane, na Jumanne katoka mzima na pembe zake.

Magharibi ile tajiri alikuwa majlisini, sebuleni kwake, na wageni wale wale watakaokuja kuwinda. Simu ikalia. Amewaahidi siku nyingi kuwaonyesha dume, akawapa simu waipitishe mkono kwa mkono kabla yeye mwenyewe hajaitazama. Walivyocheka, nimeambiwa, kahawa ilimwagika.

Asubuhi tukaitwa wawili. Tajiri mwenyewe hakuja, alikuja mudir. Tajiri alishaunganisha mambo kichwani mwake, dume haonekani siku nyingi, na sasa pembe ziko kichwani kwa dereva. Kasema tumemchinja tukamla, na juu yake tunamcheza shere mbele ya wenzake.

Jumanne akaanza kueleza habari za ghala. Mudir akamnyamazisha, akanigeukia mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye kamera. Akaniuliza swali moja tu, huyu alijua picha zinakwenda wapi?

Dada, nilikuwa na maneno matatu ya kusema. Hakujua, kwa sababu mimi nilimdanganya. Dume yuko hai, mimi nilimkimbiza na kamera nilizochagua mimi. Na alichofanya ni utani, hakumfanyia tajiri, alinifanyia mimi. Maneno matatu, na kila moja lingenirudisha mlangoni hotelini, au kwenu kabisa. Mimi, mjukuu wa yule aliyeita pongo kwa mluzi.

Nikasema, "Nilimkataza."

Jumanne alinitazama. Aliinama akafunga kamba ya kiatu, viatu vyangu vile alivyovichukua miaka sita iliyopita, soli keshabadilisha mara mbili. Adhuhuri gari likaja, akapelekwa Industrial Area kungoja tiketi. Alikuwa kabakiza miezi minne aende likizo amwoze binti yake. Sasa anamrudia mikono mitupu, na kwenye karatasi zake kaandikiwa kosa la nidhamu.

Mimi nikazing'oa zile kamera za radi siku ile ile. Siku ya nne dume akarudi hodhini. Anatembea taratibu, pembe kama fimbo za shekhe, na mguu wa nyuma wa kushoto anauvuta kidogo. Nilichokisia hotelini kumbe kilikuwa kweli, na sikufurahi hata kidogo. Tajiri alinipigia mwenyewe, mashallah, mashallah. Akaniambia kamera moja nichukue iwe yangu. Hakusema neno juu ya Jumanne.

Nilikwenda kwa mudir. Nataka mjue kwamba nilikwenda. Nikamwambia dume ndiye huyo, mzima, na yule mtu alikuwa ananitania tu, ni mila yetu. Akasema khalas, karatasi zimeshakwisha. Nikatoka. Tangu siku ile najiuliza kama nililisema kwa sauti ya kutosha, maana mimi nikitaka kusikika husikika, mnanijua. Na lile neno la kwanza, kwamba nilimdanganya, sikulitaja hata hapo.

Ijumaa nikapanda basi kwenda kumwona. Kamera nimeitia kwenye mfuko, nimewaza nimpe akuletee wewe Salehe, akija Handeni, na iwe ndiyo sababu yangu ya kwenda. Nimemkuta kakaa kwenye godoro, begi liko tayari miguuni. Nikasimama mlangoni nangoja aniulize kama sijafa.

"Shikamoo, Bwana Athumani," akasema.

Miaka sita, dada. Nilijibu marahaba sijui kwa mdomo wa nani. Akanisogezea nafasi, akanipa maji. Nikamwonyesha picha ya dume kwenye simu. Akaitazama, akasema mnyama mzuri, akanirudishia kwa mikono miwili. Nikamwambia nimezungumza na mudir, nimemweleza ni utani.

Akaniuliza, "Ulimwambia uliniambia picha zinakuja kwako?"

Nikaizima simu nikaitia mfukoni. Chumba kile kina watu saba, na wote walikuwa wamelala au wanajifanya wamelala. Mwishowe nikamuuliza kwa nini siku ile hakunisema, maana angefungua mdomo tu mimi nilikuwa nimekwisha. Akasema tangu lini mtani akamshitaki mtani kwa watu wasiojua utani.

Nikaitoa kamera. Nikajaribu, Salehe, wallahi nilijaribu. Nikasema, "Haya mpagazi, mzigo wako huu, upeleke Handeni."

Akautazama mfuko, hakuugusa. "Mzigo wako beba mwenyewe," akasema. "Mimi siku hizi si mpagazi." Na alilisema kwa upole kabisa, kama mtu anayemweleza mgeni njia.

Nilipoinuka akanisindikiza mpaka ngazini. Hapo ndipo aliposema, "Kwenu nitafika. Kwa mama niliahidi, na yeye hakunikosea."

Ndiyo maana naandika, na ndiyo maana kamera unaipata kwa Bi Ashura, yule mama wa Kizanzibari anayepika kwenye nyumba ya watu Al Wakrah, anayekuja likizo. Ataiacha Tanga kwa mdogo wake, kaifuate. Ni ile ya mwanga mweupe, ndiyo waliyonipa. Kwa tandala haifai. Ifunge kwenye banda la mbuzi, mwizi akija imulike. Ya kazi watakupa kampuni, na kabla hujaifunga waulize kwanza picha zinakwenda kwa nani, kisha umwambie kila anayepita pale. Hilo ndilo funzo langu la mwisho, na ndilo nililopaswa kuanza nalo.

Jumanne atafika kwenu mwezi huu. Mtamjua, mfupi, kipara, anatembea kama anamfukuza mtu. Yote haya niliyoandika naye anayajua, msimfiche kwamba na ninyi mmeyajua. Mpelekeni kaburini. Akilirushia majivu, akilala juu yake, akimtukana mama yangu kwamba alizaa mwongo, mwacheni, na dada usilie mbele yake, mjibu. Akiingia jikoni asizuiwe. Akimfungua jogoo, ni wake. Akitaka yule beberu wangu mweusi, mkaza mjomba wako asinune, amfungie kamba.

Nisalimie shemeji yangu baba yako, nisalimie mwalimu wako wa madrasa aliyenifundisha na mimi bila mafanikio, na fundi baiskeli jirani yetu, na mama mkwe wangu ambaye alisema siku ile niliyooa kwamba mdomo huu utaniponza. Mwambieni salamu zake zimefika.

Na wewe mpwa wangu, simu iwe na chaji siku hiyo, na akibisha hodi tu unibipu. Jumanne akichukua chochote, hata kijiko, nipigie pale pale, saa yoyote, nikiwa kazini nitapokea. Ila akikaa mkekani kwa adabu, akanywa maji, akasema asante na kuaga, usinipigie. Mimi nitangoja mpaka jioni, kisha nitajua.

Ni mimi mjomba wako,
Athumani